Tuyape Majina Matunda ya Nyua Zetu

Katika nyanda za juu za nchi yetu, mwenye shamba hupanda ua wa kayaba kwa sababu ya miiba yake mirefu. Watoto nao huuendea kwa sababu ya matunda yake ya manjano, machachu, yenye harufu nzuri yaivapo. Mmea huu ulitoka kusini mwa Afrika, na Waingereza wakauita Kei apple, yaani tofaa la Mto Kei. Kwa kuwa Kikuyu hakina sauti ya p, wasemaji wake walilifinyanga jina hilo likawa kaiyaba, nasi wengine tukapokea kayaba. Kwangu mimi mwanaisimu, huo ni ushahidi kwamba wananchi hawasubiri kamusi.

Ila madarasani nimeona "matunda mwitu" likigeuzwa gunia la kutilia kila kitu. Hatari iko hapo. Tazama Duranta, mmea wa mapambo upendwao sana mijini. Vitunda vyake vidogo, vya manjano iliyokoza, huning'inia kwa vishada vya kuvutia, navyo vina sumu. Mzazi anayeonya tu, "Msile matunda ya ua," hasikilizwi, kwani mtoto amekwisha kula kayaba na hakudhurika. Angesikizwa lau angelitaja tunda lenyewe.

Wapo wanaotegemea kanuni kwamba mmea wenye utomvu mweupe ni sumu. Kanuni hiyo haitoshi. Mukawa hutoa utomvu kama maziwa, na matunda yake meusi yaliyoiva huliwa tangu jadi. Thevetia, ule wenye majani membamba na maua ya manjano mfano wa tarumbeta, ni wa ukoo huohuo, lakini mbegu zake hudhuru moyo na zaweza kuua.

Napendekeza mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa sayansi watoke nje pamoja na wanafunzi, wakusanye majina ya mimea ya shule katika lugha zote za nyumbani, na kila mmea uandikiwe kibao: jina, tunda huliwa au haliliwi. Usiotambuliwa usiguswe, wala uliopuliziwa dawa majuzi. Na iwapo Duranta imezunguka uwanja wa chekechea, ing'olewe muhula huu. Sisemi kayaba ipandwe mahali pake. Miiba ile si ya watoto wadogo.