Mwanafunzi wa famasia akija kitandani, usimfukuze

Mama zangu, juzi wodini mama mmoja alimwambia mwanafunzi wa famasia, "Mimi nataka daktari, sio mwanafunzi." Namwelewa. Mtoto anaumwa, na kila anayepita anauliza yake.

Ila sikilizeni. Dawa ya mtoto inapimwa kwa uzito. Parasetamoli ya maji iko ya miligramu 120 kwa mililita 5, na iko ya miligramu 250 kwa mililita 5 hizo hizo. Mtoto wa kilo 8, mililita 5 za ile ya kwanza zinamtosha. Ukimpa kipimo hicho hicho cha ile ya pili, umemzidishia zaidi ya mara mbili. Daktari anaandika, mfamasia anatoa, nesi anampa wodini, wewe unampa nyumbani. Tusipoongea, kosa linatupita wote wanne.

Sasa mwanafunzi anayejifunzia dirishani tu, kesho ataogopa kumuuliza daktari, "Hii dozi ni sahihi kweli?" Aliyezoea kuzunguka raundi na sisi hataogopa. Kwa hiyo wafundishwe wodini, na sisi manesi tuache kuwaona wanatuzibia njia.

Wewe una haki ya kukataa, na una haki ya kuuliza anasimamiwa na nani. Ukikubali, mwambie uzito wa mtoto na kila dawa uliyompa nyumbani, hata ya kienyeji. Usione aibu. Hapo unamfundisha atakayemhudumia mwanao kesho.