Si kila maudhi ni madogo

Leo nataka kuongelea jambo ambalo huku kwetu Ihanda watu hulisema kwa kunong'ona, tena wakilisema kabisa. Ni habari ya wenzetu wanaotumia homoni ili kubadili jinsia, na yale ambayo dawa hizo zinawafanyia mwilini. Najua wapo watakaofunga ukurasa hapa hapa. Ngojeni kwanza. Sijaja kumpigia mtu debe wala kumhukumu. Nimekuja kuongelea dawa.

Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango, nesi atakwambia sindano au vidonge vya majira vina "maudhi madogo madogo". Kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa, hedhi kuvurugika. Mama na dada zetu wanalijua sana neno hili. Ni neno la upole, na mara nyingi ni la kweli. Lakini angalieni, nesi huyo huyo anapima presha kabla hajakupa vidonge. Anauliza umri, anauliza kama unavuta sigara. Kwa nini? Kwa sababu si kila maudhi ni madogo! Estrojeni iliyomo kwenye vidonge hivyo inaweza, mara chache, kugandisha damu kwenye mshipa wa mguu. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu, mtu anaweza kufa.

Sasa mfikirie mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana, na yeye anajijua kuwa mwanamke. Kwa nesi yule haendi, anaogopa kuchekwa na anaogopa kutangazwa kijiji kizima. Anachofanya ni kumtuma rafiki duka la dawa akamnunulie vidonge vya majira, kisha anameza vitatu vinne kwa siku ili mwili ubadilike haraka. Vidonge hivyo vimepimwa kwa kumeza kimoja tu kwa siku. Tena vingi vina aina ya estrojeni inayoitwa ethinili estradioli. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba hii, WPATH, katika mwongozo wake wa 8 uliotoka mwaka 2022, kinashauri aina hiyo isitumike kwa kazi hii, sababu ni hiyo hiyo ya damu kuganda. Inayotumika ni estradioli ya kawaida, kwa kipimo, na damu inaangaliwa mara kwa mara.

Kuna dawa nyingine, spironolaktoni. Hospitali zetu wanaijua vizuri, maana wanawapa wagonjwa wa moyo na wenye maji tumboni. Wanaobadili jinsia huitumia kuzuia nguvu za homoni za kiume. Inakojoza, inaleta kizunguzungu ukisimama ghafla, na inabakiza potasiamu mwilini. Haya, sisi watu wa Karagwe tunakula nini? Ndizi na maharage, asubuhi mpaka jioni! Vyote viwili vina potasiamu nyingi. Kijana mwenye figo nzima mara nyingi hapati shida. Lakini mwenye figo mbovu, au anayemeza Septrin kila siku, ambayo nayo inapandisha potasiamu, anaweza kuvurugikiwa mapigo ya moyo bila dalili yoyote ya kumtahadharisha. Sisemi mtu aache ndizi. Nasema apimwe damu. Atapimwaje kama hawezi kusema anameza nini?

Na wale wanaotumia testosteroni kwenda upande wa pili nao wana yao. Chunusi, upara, na damu kuwa nzito kwa wingi wa chembe nyekundu. Hilo la damu hulioni kwenye kioo, linaonekana maabara tu.

Jirani zetu Kenya wana mfano. Audrey Mbugua alithibitishwa na madaktari wa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2008. Tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limbadilishie jina kwenye cheti cha KCSE na kuondoa alama ya jinsia. Magazeti yaliandika sana habari ya cheti. Mimi nililoliona ni kwamba alikuwa na faili hospitalini. Mtu mwenye faili hata dawa ikimgeuka yupo wa kumwangalia.

Mtasema Karagwe si Nairobi. Sawa. Lakini Kagera tumeshapita njia hii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mkoani kwetu mwaka 1983, na kwa miaka mingi tulinyamaza na kuzika. Dawa zilipokuja, mojawapo ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha, ila ilichoma nyayo za watu kama moto na kukausha mashavu. Wagonjwa walisema kliniki, madaktari waliandika, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Je, kama kila mgonjwa angeficha nyayo zake, tungefika hapo?

Hoja yangu ni hii. Nesi wa zahanati hahitaji kukubaliana na maisha ya mtu ndipo ampime presha, figo na potasiamu. Mlevi anatibiwa ini, mwizi anashonwa jeraha, wala hakuna anayeuliza kwanza maadili yake. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi, si zawadi anayopewa mtu anayependwa.

Na wewe unayetumia dawa hizi kimya kimya, nakuomba mambo machache. Usiongeze dozi ili uwahi, mwili haukimbizwi. Acha sigara. Andika unachomeza na kiasi chake, karatasi hiyo iwe mfukoni. Ukipanda basi la Kayanga kwenda Dar, simama unyooshe miguu kila gari linaposimama. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikakata ghafla, usingoje kesho! Nenda Nyakahanga, nenda hospitali yoyote iliyo karibu, useme ukweli wote. Aibu ya dakika kumi mbele ya daktari inapita.

Kichefuchefu ni maudhi. Matiti kuuma ni maudhi. Bonge la damu kwenye mapafu si maudhi, ni msiba, na kinachotenganisha hivyo viwili ni mtu mmoja mwenye kipimo ambaye hajakufukuza mlangoni.

Naomba kutoa hoja.