Barazani kwa Mjomba: Foleni ya Chupa Moja

Ndugu msomaji, sisi tuliokuwa watu wazima katika miaka ya mwanzo ya 1980 hatuhitaji kuelezwa foleni ni kitu gani. Tuliamka alfajiri, tukaweka jiwe, au kikapu, au ndala iliyokatika, mbele ya duka ili itushikie nafasi, kisha tukakimbia nyumbani kuwaandaa watoto kwenda shule. Jiwe lile liliheshimiwa kama mtu. Tulikuwa tukingojea sukari, sabuni na unga. Aliyefika dirishani akaambiwa zimekwisha alijua kwamba siku hiyo chai nyumbani kwake itanywewa bila utamu.

Basi fikiria mshangao wangu, mwezi Desemba uliopita, nilipomsikia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akisimulia foleni za Marekani anakoishi na kufanya kazi ya ufundi wa magari. Huko hawaweki jiwe, huweka kiti cha kukunja. Hukesha nje katika baridi ya theluji, wamejifunga mablanketi. Wanachongojea si sukari wala sabuni. Wanangojea bia.

"Hakuna bia madukani?" akauliza mama watoto wangu.

"Ziko tele, mama mkubwa," akajibu. "Lakini si hiyo."

Alikuwa ametuletea kopo moja, amelivingirisha ndani ya soksi katika sanduku lake. Nililimimina katika bilauri kwa heshima zote. Kinywaji kilikuwa na ukungu kama togwa, na harufu yake ungedhani mtu amemenya embe bivu chumbani. Nikasema ni kizuri. Mpwa wangu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mjomba, hiki kimechakaa. Kina miezi mitatu."

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma habari za watu hawa, nami nimeona si haki kuwacheka kabla ya kuwaelewa.

Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Marufuku ilipoondolewa, viwanda vikubwa vilimeza vidogo, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nchi nzima haikuwa na viwanda 100 vya bia, na karibu vyote vilitengeneza bia nyepesi ya aina moja. Mwaka 1965 kijana mmoja, Fritz Maytag, alinunua kiwanda cha zamani cha Anchor mjini San Francisco kilichokuwa ukingoni mwa kufa, akakifufua. Mwaka 1976 Jack McAuliffe akaanzisha kiwanda kidogo cha New Albion huko Sonoma, kwa vyombo vya kuokoteza. Mwaka 1978 Rais Carter akatia sahihi sheria iliyowaruhusu wananchi kujipikia bia majumbani, na wengi wa wapishi hao wa jikoni ndio waliofungua viwanda baadaye. Leo viwanda vimezidi 9,000. Kwa hiyo mwanzo wa jambo hili ulikuwa wa heshima: watu walichoka kunyweshwa kitu kimoja, wakataka kazi ya mkono wa fundi.

Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kiwanda kidogo hutengeneza kidogo. Kidogo kikisifiwa huadimika. Na kikiadimika, hata asiyekijua hukitaka.

Chukua mfano wa mji mdogo wa Waterbury, katika jimbo la Vermont. Mume na mke walikuwa na kilabu chao hapo, wakipika bia chungu yenye harufu ya matunda waliyoiita Heady Topper. Agosti 2011 kimbunga Irene kilileta mafuriko yaliyokiharibu kilabu kile. Siku chache baadaye mtambo wao mpya wa kujaza makopo ukaanza kazi upande mwingine wa mji, na makopo yale yakavuta watu kutoka majimbo ya mbali. Magari yalijaa barabarani hata majirani wakalalamika, na mwaka 2013 wenyewe wakalazimika kufunga duka lao la kiwandani. Hebu fikiria, msomaji: mfanyabiashara anafunga duka kwa sababu wateja wamezidi!

Huko California, mjini Santa Rosa, kiwanda cha Russian River kimekuwa kikitoa tangu 2005 bia moja kali iitwayo Pliny the Younger, mara moja tu kwa mwaka, kwa muda wa majuma mawili hivi. Kwa miaka mingi siku yake ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Februari. Siku hizi ni mwishoni mwa Machi. Watu husafiri kwa ndege kuifuata, na serikali ya wilaya ile hukaa chini kupiga hesabu ya mamilioni ya dola yanayoachwa na wageni katika hoteli na migahawa. Hayo yote kwa bilauri mbili tatu za bia.

Ubelgiji nako kuna watawa wa Kikatoliki katika monasteri ya Mtakatifu Sixtus, Westvleteren, wanaopika bia ili kupata riziki yao tu. Mwaka 2005 wapenzi wa bia walipiga kura katika mtandao wakaitangaza bia yao nyeusi ya namba 12 kuwa bora kuliko zote duniani. Misururu ya magari ikafika langoni, na akiba ikamalizika. Watu wengine wangeongeza matangi, wangepandisha bei. Watawa hawakuongeza. Waliendelea kuuza kreti chache kwa kila mtu aliyetoa oda kwanza, wakaandika namba ya gari lake, na wakamtaka aahidi kutoiuza tena. Mara moja tu, mwaka 2012, walipohitaji fedha za kukarabati monasteri, ndipo waliporuhusu bia hiyo iuzwe hata Marekani, chupa 6 na bilauri 2 kwa karibu dola 85. Kisha wakarudi kwenye sala zao.

Sisi tunajua kinachofuata mahali penye foleni: mlanguzi. Bia ya watawa, ambayo langoni ilikuwa chini ya euro 2 kwa chupa, ilionekana mwaka 2018 katika maduka ya Uholanzi kwa karibu euro 10, na watawa wakalalamika hadharani. Marekani mtu binafsi haruhusiwi kuuza bia bila leseni, lakini chupa adimu hupita mikononi kwa siri, kwa bei maradufu na zaidi. Mpwa wangu alinikiria kwamba aliwahi kulipa mshahara wa siku mbili kwa chupa moja. Mama watoto wangu aliposikia hayo alisimama, akaenda jikoni, akakaa huko kitambo.

Tena chenyewe kinachofukuzwa hakitulii mahali pamoja. Miaka ya 1980 sifa ilikuwa bia ya rangi ya kahawia hafifu yenye harufu ya maua ya hopi, kama ile ya Sierra Nevada iliyoanza mwaka 1980. Baadaye yakaja mashindano ya uchungu, kila fundi akitaka kumshinda mwenzake kwa kukunja ndimi za watu. Kisha uchungu ukapitwa na wakati, ikaja bia ya ukungu kama ile niliyoletewa; mwaka 2018 chama cha wapikaji kikaitambua rasmi kuwa aina yake. Mwaka huohuo ikavuma nyingine kavu kama mvinyo, iliyozuka San Francisco, lakini miaka miwili haikupita ikasahauliwa. Zikaja za ndimu na za matunda, zikaja nyeusi zilizotiwa vanila na chokoleti hata zikawa kama keki. Na sasa, baada ya safari yote hiyo, mafundi wale wale wanasifia nini? Laga nyepesi, safi, ya kawaida. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Katika mbio hizo wengine wameanguka. Anchor, kile kiwanda cha Maytag kilichokuwapo tangu 1896, kilisimamisha kazi Julai 2023. Mwaka 2024 viwanda vidogo vilivyofungwa nchini mwao vilizidi vilivyofunguliwa. Mnywaji anayekimbilia kipya kila juma hana mapenzi na mtu, na fundi aliyetegemea mapenzi yake hujikuta peke yake na mkopo wa benki.

"Sasa ulikuwa ukitafuta nini hasa?" nikamwuliza mpwa wangu.

Alifikiri kidogo. "Mjomba, mwaka wa kwanza nilipofika kule sikuwa na mtu. Kazini salamu ni asubuhi tu. Katika foleni ndiko nilikopata watu. Mtu usiyemjua anafungua chupa yake, anakumiminia, anakuuliza kwenu wapi. Nilikuwa nikingoja Jumamosi kama mtoto anavyongoja Idi."

Nilinyamaza, ndugu msomaji, kwa maana hilo sikuwa nimelitazamia. Mtu aliye mbali na kwao hutafuta baraza popote, hata penye theluji.

Akaendelea kunisimulia juu ya mzee mmoja, mfanyakazi wa posta, waliyekutana katika foleni hizo wakawa marafiki. Mzee yule alikuwa na chumba chini ya nyumba yake, kimejaa makreti hadi darini. Kila alichopata alinywa kimoja, akaweka viwili. Alisema ataanza kuzifungua siku atakapostaafu, yeye na mpwa wangu na wenzao wote wa foleni. Walikuwa wameshapanga hata nyama ya kuchoma. Mwaka 2020, alipobakiza miezi minne tu, maradhi ya korona yakamchukua. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, na mpwa wangu hakuruhusiwa kufika.

Mwaka uliofuata mjane alimwita amsaidie kukiondoa kile kilichokuwa chumbani. Sisi tumefundishwa kwamba akiba haiozi. Hii ilikuwa imeoza. Bia za harufu ya hopi hutaka kunywewa katika majuma machache, tena zikiwa baridi. Hewa kidogo iliyomo na joto la chumba huiua ile harufu, ikabaki ladha ya karatasi iliyolowa. Hata nyeusi zile kali, zinazolazwa katika mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kutumiwa kwa wiski, ambazo huweza kukaa miaka, nyingine zilikuwa zimechacha. Hilo hutokea hata kwa wakubwa: Goose Island ya Chicago, wanaoisifia bia yao ya mapipa, walilazimika kuwarudishia wateja fedha kwa baadhi ya chupa za mwaka 2015.

Walimimina, mjane na mpwa wangu, kopo baada ya kopo katika karo la jikoni, kutwa nzima. Mjane alikuwa akisoma majina kwa sauti kabla ya kumimina. Mengine aliyakumbuka: hii ndiyo ile aliyokosea harusi ya binti ya dada yangu, hii ndiyo ile siku gari lilipoharibika njiani usiku. Jioni walipata chupa moja nyeusi iliyokuwa nzima. Waliigawa kwa bilauri mbili, wakainywa wamesimama.

"Ilikuwaje?" nikauliza.

"Ilikuwa nzuri, mjomba. Ilikuwa nzuri kama nyingine yoyote."

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini; nami naona hata mla kesho hana hakika ya sahani. Mafundi wetu wa mbege kule Kilimanjaro na wagema wa ulanzi kule Iringa wanalijua hilo bila kusoma vitabu. Ulanzi huja na mvua, hukaa utamu siku moja, kesho umekuwa mkali, keshokutwa haunyweki. Kwa hiyo hakuna anayeuweka kabatini. Mtu huita jirani.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa walevi wa Marekani peke yao. Nani kati yetu hana kabatini doti ya kanga mpya isiyovaliwa, iliyonunuliwa kwa sababu shoga amekwisha kuinunua, na ya Idi iliyopita tayari imepitwa na wakati? Nani hana seti ya vikombe vya wageni ambayo wenye nyumba hawajaigusa tangu harusi yao? Na wangapi tunabadili simu ingali nzima, huku karo ya shule ikidaiwa?

Mpwa wangu amekwisha kurudi kazini kwake. Ameniambia bado huenda kwenye foleni, mara moja moja, kuwasalimu wenzake. Lakini anachokipata hukifungua juma hilohilo, na hamfungulii rafiki kabla ya mkewe kuketi. Aliponiaga aliniuliza kama nataka aniletee tena kopo jingine.

Mama watoto akanijibia. "Mwanangu, wewe njoo tu. Usimame kidogo huko kwenye foleni, uketi sana hapa."

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.