Sili Mbovu, Mshahara wa Nani?

Sisi wa gereji za mashamba na viwanda tumechoka na amri ya "tengeneza tu hivyo hivyo". Giaboksi ya otomatiki ikishafunguliwa, sili za mpira na klachi pleti zilizoungua hazina matengenezo, ni kununua mpya. Sili iliyokauka hupoteza presha ya oili, klachi huteleza, na zile ulizofunga jana huungua tena. Vyuma ni jambo jingine. Shafti na gia zipimwe, zilizo nzima zirudishwe. Wauza spea nao hupenda kutubadilishia kila kitu! Lakini bwana mkubwa akikataa kununua sili, gari likakwama njiani, anayekatwa mshahara ni fundi. Tunadai kila spea iliyoombwa iandikwe kwenye kadi ya kazi, na aliyeikataa atie sahihi yake.