Permi ikikufa tarehe, mushahara unaenda wapi?

Ku mulango wa mugodi kuko siku shofere anarudishwa nyumbani. Hakuiba mazutu, hakukunywa pombe, hakugonga mutu. Permi yake njo imekufa tarehe. Anasimama na chakula yake mu mukono, anaangalia bisi ya wenzake inaingia, kisha anatafuta namna ya kurudi mu kartie. Kosa ya kazi hana, lakini siku ile halipwe.

Jambo hili tunalisikia Lubumbashi, Likasi, Fungurume, Kolwezi, na mara mingi watu wanalizungumuza sawa jambo la bei. "Permi iko bei kali," banasema. Ni kweli, franka inauma. Lakini sisi tunaona bei yenye kuandikwa ku biro siyo inayoumiza zaidi. Kinachoumiza ni siku.

Tuhesabu pamoja. Permi ya siku hizi iko karte yenye picha na alama za vidole. Ndugu yako hawezi kukuwekea kidole, lazima ufike mwenyewe, pa saa za biro, katikati ya juma. Sasa shofere wa dumpa wa posti ya muchana anatoka nyumbani kungali giza, anarudi giza imeshaingia. Wa posti ya usiku anaweza kwenda asubuhi, ndiyo, lakini anaenda na macho yenye kufungika, na mangaribi anapanda tena mashine ya tani mingi bila kulala. Siku moja inaenda kuuliza karatasi gani zinaombwa. Ingine inaenda ku banki, kulipa na kungojea bordero. Siku ya picha unaambiwa koneksio imekatika, rudia kesho. Mwenye kukaa mbali na muji aongeze pesa ya bisi na pa kulala.

Kompani nayo iko na karte yake, permi ya ndani, ya kuendesha mu mugodi. Bila permi ya Serikali haikupe ile yake. Moja ikikufa, zote mbili zimekufa. Mutumishi wa kompani yenyewe, mara ingine shefu atamutafutia kazi ingine kwa muda. Yule wa sutretansi, mwenye kontra ya miezi kidogo, anaweza kukuta kiti chake kina mutu mwengine mbele permi haijatoka.

Hatusemi permi haina maana. Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 inaiomba, na barabara zetu zinaiomba kupita sheria. Wanaopita njia ya Lubumbashi na Kolwezi, kilometa karibu 300 za kamioni za shaba, za asidi na za mazutu, hawajasahau kijiji cha Kabwe, tarehe 20 Februari 2019: kamioni ya asidi iligongana na bisi, watu karibu 20 wakapoteza maisha. Hakuna muzazi anayetaka mutoto wake apishane na shofere aliyenunua permi.

Na permi ya kununua inazaliwa palepale, ku hesabu ya siku. Siku zisipopatikana, komisionere anapatikana. Anakaa inje, anaongea kwa upole: "Papa, leta foto na franka, wee enda ku kazi, mie nitakuletea." Karte anayoleta inafanana na ya kweli, hata ku barieri inapita. Siku kompani inauliza ku biro, nambari haionekane mu ordinatere. Mwenye kuitwa mwongo ni shofere. Komisionere hata jina lake hulijue. Hatumutetei shofere huyo, alijua anachofanya. Na wengine walikuwa na miezi sita ya kujitayarisha, walingoja paka juma la mwisho. Lakini njia ya haki ikikula mushahara, komisionere hatakosa wateja.

Wakubwa wa kompani wanajibu: permi ni ya mutu mwenyewe. Tunajiuliza. Kaske, viatu na miwani, kompani njo inatoa, juu kazi haitembei bila hivyo. Dumpa inatembea bila permi? Tarehe ya mwisho ya kila shofere iko imeandikwa mu biro ya watumishi. Miezi tatu mbele, wamuite, wamupe siku mbili zenye kulipwa, aende akiwa amelala vizuri. Ni pesa kidogo kupita kumufundisha mutu mupya.

Serikali nayo isituambie haiwezi kufika. Mu 2023, ku kuandikisha wachaguzi, mashine za picha na vidole zilifika mpaka mu vijiji ambamo gari inapita kwa shida. Mashine moja ya permi karibu na migodi, juma moja kila miezi tatu, itashindikana namna gani?

Sheria ya kazi ya 2002 inamupa mutumishi siku za kulipwa akioa, bibi yake akizaa, akifiwa. Siku ya permi hatuione humo. Ba delege wa sendika, mara mutakaa tena mezani na kompani juu ya konvansio, muiandike ku mustari moja na siku za kilio.