Saa mbili za kunyonyesha ziko wapi?

Wadau, kila tukizungumzia haki za mama mfanyakazi tunaishia kwenye siku 84. Ni kweli zipo, tena zenye malipo (100 kwa aliyejifungua pacha), kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33. Tangu marekebisho ya 2025, aliyejifungua mtoto njiti anaongezewa muda wa kufidia wiki zilizopungua hadi 40 za ujauzito. Safi kabisa. Mimi leo nina shida na siku ya 85.

Hebu piga hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Ukianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyoruhusu, unarudi kazini mtoto ana wiki nane tu. Kliniki nao wamekwambia maziwa ya mama pekee, hata maji usimpe, mpaka miezi sita. Sasa hiyo miezi minne iliyobaki anamnyonyesha nani?

Sheria imejibu, tena kifungu hicho hicho: mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, usiozidi saa mbili kwa siku. Jamani, muulize mama anayefanya kazi Posta na kuishi Chanika kama zinamsaidia. Akipanda daladala kumfuata mtoto, saa mbili zinaishia barabarani. Bosi anasema ruhusa unayo, na hakuna anayeonekana kuvunja sheria. Mama anajikamua chooni (ndiyo, chooni), au maziwa yanapungua na dada wa kazi anaanza kumpa mtoto uji.

Sisi waandishi nasi tusijifanye wasafi. Kila mwanzo wa Agosti tunaandika habari za Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, na picha za akina mama zinatoka vizuri. Katika vyumba vya habari nilivyopita mimi, sijaona hata kimoja chenye kona ya pazia na friji ndogo. Na wenzetu makorespondenti, wanaolipwa kwa habari iliyotoka, hizo siku 84 wanazisikia kwa wengine tu. Hata mwenye mkataba, kama hajatimiza miezi sita kazini, sheria haimpi likizo yenye malipo. Hili linanikera, nitaliandikia peke yake.

Kwa mtazamo wangu, sheria ilimpa mama muda ikasahau umbali. Ni kama aliyeiandika alidhani mtoto yuko nyumba ya pili kutoka ofisini. Halafu hilo neno "usiozidi" nalo lina mlango wa nyuma: anayetoa nusu saa naye atadai ametii.

Iandikwe hivi: saa mbili kamili, na mama mwenyewe achague kuzitumia katikati ya siku, kuingia kwa kuchelewa au kutoka mapema. Najua watasema kampuni ndogo haziwezi kujenga chumba cha kunyonyeshea. Sawa, lakini kutoka saa tisa badala ya saa kumi na moja hakuhitaji chumba, na mshahara wa saa hizo mwajiri alikuwa anadaiwa tayari. Kwa saa tisa, mama wa Chanika anapita Gongo la Mboto kabla foleni haijafunga.