Ngoma za Vita katika Majumba Yetu

Wasomaji wetu wa Kayanga, Nkwenda na Murongo wametuuliza, kila mmoja kwa maneno yake, kama yafaa watoto kuitazama ile tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, iliyoonyeshwa kwanza na televisheni ya TRT huko Uturuki tangu Desemba 2014 hata Mei 2019, na ambayo sasa imefika hata vijijini kwetu kwa king'amuzi na kwa simu. Wengine wameuliza juu ya mavazi ya wanawake, wengine juu ya damu na mapanga. Hapana hata mmoja aliyeuliza juu ya muziki, nasi twaona muziki ndio wenye kazi kubwa kuliko vyote hivyo.

Msomaji akitaka kulijua hilo, na angoje pigano moja kisha aizime sauti kabisa. Ataona watu wamevaa ngozi wanazungusha panga, farasi wanakimbia, vumbi linatimka. Ataona ni mchezo, na pengine atacheka. Kisha airudishe sauti. Ngoma nzito zaanza polepole, ala ya nyuzi ya Kituruki yadonoa juu yake, halafu fidla nyingi zapanda pamoja kama mawimbi, na nywele za mwili zasimama kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza: je, huyu anayeua ana haki? Aliyeutunga muziki huo pamoja na wenzake ni Alpay Göktekin, aliyefariki mwaka 2020, na kwa hakika alikuwa fundi. Desturi ya muziki wa namna hii ni kumpa shujaa sauti yake na msaliti sauti yake, hata mtoto amjue mbaya kabla hajafungua kinywa. Basi mtoto hahukumu, amekwisha kuhukumiwa.

Wala hili si jambo geni. Waturuki walikuwa na kikosi cha muziki wa vita kilichoitwa Mehter, chenye ngoma, zumari, matoazi na tarumbeta, kikatangulia majeshi yao mpaka Sultani Mahmud wa Pili alipokivunja mwaka 1826. Ngoma kubwa na matoazi yaliyomo leo katika okestra za Ulaya yalitoka kwao. Na sisi wa Karagwe tusijione wageni katika habari hizi. Mwingereza Speke, alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, aliona mwezi ulipoandama ngoma zaidi ya thelathini zimepangwa safu moja mbele ya mfalme, na wakubwa wa nchi wakija kuonyesha utii wao. Wafanya biashara wa Kiarabu waliokaa Kafuro, karibu na hapo, bila shaka walizisikia pia. Ngoma zile hazikuwa za kuburudisha. Zilikuwa amri, na aliyezisikia alijua ni nani anayemwamuru. Mtoto wa leo aliyeketi sebuleni hajui ni nani anayempigia.

Ama juu ya ala zenyewe, wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani: wako walioshika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari wakazikataza, na Ibn Hazm wa Andalusi aliona zafaa. Kila nyumba na imfuate shekhe wake. Hilo si neno letu leo.

Neno letu ni lile alilolitazama Imamu Ghazali katika Ihya, alipozitaja nyimbo za mahujaji na nyimbo za wapiganaji. Yeye hakuuliza tu kama sauti ni nzuri, bali yampeleka wapi msikilizaji. Hata wimbo wa kutia hamu ya Hija, asema, ni haramu kumwimbia mtu aliyekwisha kuhiji faradhi yake na wazazi wake hawajampa ruhusa ya kwenda tena. Kwani safari ikiwa haramu, kuichochea nako ni haramu. Ikiwa Hija imepimwa hivi, vita je? Vijana wetu wawili watatu wametuambia kwa macho yanayong'aa kwamba wangependa kupigana. Tukawauliza na nani, wakanyamaza. Muziki uliwapa hamu bila ya kuwapa adui, na kijana mwenye hamu ya namna hiyo, yeyote ajaye kwake na adui mkononi atampokea.

Tena iko hasara ya elimu. Katika chuo chetu tuliwataka watoto wataje mashujaa wa Badri, na mmoja akamtaja Turgut! Tulicheka, lakini si la kuchekwa. Ertuğrul mwenyewe hajulikani sana. Iko sarafu ya mwanawe Osman yenye jina lake, na mengi mengineyo yaliandikwa baada ya muda mrefu. Muziki huo, lakini, huyafanya yote yaonekane kweli tupu.

Nchi hii imekwisha kuisikia vita isiyo na fidla. Njia yetu ya kwenda Bukoba hupita Kyaka, na hapo, majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja lilivunjwa, raia wengi wakauawa ng'ambo ya mto na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Jirani yetu aliyekuwa kijana wakati ule hasimulii mizinga, wala yale makombora ambayo watu wa Uganda waliyaita saba saba. Husimulia ndama walioachwa mazizini wakilia usiku kucha. Ngoma za Ertuğrul zikianza kwa wajukuu wake, yeye hutoka nje akakaa barazani.

Hatusemi televisheni zivunjwe. Twawaomba wazazi waketi pamoja na watoto wao, na watoto wa chuo tumewapa kazi: watazame pigano moja bila sauti, kisha waandike ni nani waliyemwona ana haki, na wamejuaje. Majibu yao yakifika tutayachapa hapa.